Mizani ya kliniki haioni udumavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie huduma za lishe wanazopewa wajawazito, wanawake wanaonyonyesha na watoto wadogo katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Nilianza kazi ya uuguzi na ukunga mwaka 1984, nikastaafu mwaka 2022, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa katika zahanati za vijijini za eneo ambalo leo ni Mkoa wa Njombe. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyafanya mimi mwenyewe kwa miaka mingi kabla sijayatambua kuwa ni makosa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, kwa hiyo nchi imepiga hatua, na waliofanya kazi hiyo wanastahili kushukuriwa. Lakini katika utafiti huo huo Iringa ilikuwa na asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8, nayo ndiyo mikoa mitatu iliyoshika nafasi za juu kwa udumavu katika nchi nzima. Hii ni mikoa inayolisha mikoa mingine. Mahindi yetu yanasagwa katika miji ambayo wakulima wetu hawajawahi kufika, viazi mviringo vinapakiwa kwenye malori kila siku ya Mungu, parachichi zinavuka bahari, na maharage, maziwa na mboga za majani tunavyo. Msafiri anayetoka Makambako kwenda Songea akiona magunia yaliyopangwa kando ya barabara hawezi kudhani kwamba katika nyumba zilizo nyuma ya magunia hayo nusu ya watoto ni wafupi kuliko inavyopasa umri wao.

Jibu linalotolewa upesi kila mara ni kwamba akina mama hawana elimu ya lishe. Nami nililiamini jibu hilo kwa muda mrefu, nikasimama mbele ya mabenchi ya kliniki na kuwatajia vyakula vya makundi yote hadi akina mama wakaweza kuvitaja kunishinda. Siku hizi sina uhakika kwamba tatizo letu kubwa ni mama kutojua. Ninaamini kwamba sisi watoa huduma ndio tuliokuwa hatuoni, kwa sababu tulikuwa tunapima kitu kimoja na tunatafuta kingine.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu alikuja kliniki mama mmoja na mtoto wake wa kiume aliyetimiza miaka miwili. Kadi yake ilikuwa safi, haijakosa mwezi hata mmoja, na alama zote za uzito zilikuwa ndani ya rangi ya kijani. Siku hiyo mtoto alikuwa na kilo 10. Kwa desturi yetu ningeandika uzito, ningempongeza mama, na ningeita mwingine. Lakini mtoto alikuwa amesimama kando ya mtoto wa jirani aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na walikuwa wanalingana. Nilimwomba mama asubiri hadi foleni iishe, nikaenda kuutoa ubao wa kupimia urefu uliokuwa umewekwa stoo nyuma ya maboksi, nikaufuta vumbi, nikamlaza. Alikuwa na sentimita 79. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa umri huo akipimwa akiwa amelala anapaswa kuwa na takriban sentimita 88, na akiwa chini ya 81.7 huhesabiwa kuwa amedumaa. Tulimpima mtoto huyo kila mwezi kwa miezi 24, kila mwezi tukamwambia mama yake kwamba anaendelea vizuri, na kumbe alikuwa anadumaa mbele ya macho yetu.

Naomba wasomaji wasio wataalamu wanivumilie kidogo hapa, maana ndipo lilipo shina la hoja yangu. Mizani inaonyesha uzito kwa umri. Mtoto aliyekonda sana itamwona, na mtoto ambaye uzito wake umeporomoka baada ya kuhara au surua itamwona pia. Utepe wa kuzungushwa mkononi nao humwona mtoto mwenye utapiamlo mkali: mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano anahitaji matibabu bila kuchelewa, ama kwa chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo, nyumbani au kulazwa hospitalini. Lakini mtoto aliyedumaa mara nyingi hana dalili hizo. Mwili wake umejibana, ukapunguza kurefuka ili chakula kidogo kinachopatikana kitoshe, na uzito wake unalingana na ufupi wake. Anacheza, anacheka, mashavu yamejaa, na bibi yake anamsifu kwamba ni mtoto mtulivu asiyesumbua. Bila kumpima urefu na kuulinganisha na umri, hakuna mtu atakayemtambua. Kwa hiyo tunataja udumavu katika kila hotuba, ilhali katika zahanati nyingi za vijijini kipimo kinachotumika kila siku ni kile kisichouonyesha.

Sababu za kuacha kupima urefu ninazijua, na sizitaji ili kuwalaumu wauguzi wenzangu. Siku ya kliniki huja akina mama sitini, themanini, wakati mwingine zaidi, na muuguzi ni mmoja au wawili, ambao pia wanatakiwa kuchanja, kujaza rejesta, kupima wajawazito na kukimbilia chumba cha kujifungulia uchungu ukianza. Kumpima mtoto urefu kunahitaji watu wawili, mmoja ashike kichwa na mwingine anyooshe magoti, na mtoto akilia na kujipinda kipimo kinakosewa. Kosa la sentimita mbili tu linaweza kumtoa mtoto katika kundi lake na kumweka katika kundi lingine. Ndiyo maana ubao hubaki stoo, na pengine haupo kabisa. Pamoja na hayo, kupima urefu si lazima kufanywe kila mwezi. Kukifanywa kila baada ya miezi mitatu, na kwa watoto walio chini ya miaka miwili tu, mzigo unapungua sana na taarifa inayopatikana inatosha.

Umri huo wa chini ya miaka miwili nautaja kwa makusudi. Siku 1,000 zinazosemwa kila mahali zinaanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na takriban 270 kati yake mtoto huwa bado yumo tumboni. Kinachopotea katika kipindi hicho, cha urefu na cha ubongo, ni vigumu mno kurudishwa baadaye hata mtoto akilishwa vizuri akiwa shuleni. Mtoto anayegunduliwa akiwa na miaka minne tumeshamchelewa. Anayegunduliwa akiwa na miezi minane bado tuna nafasi ya kutosha.

Sasa naomba nikumbushe jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na ambalo linaniuma kila ninaposikia jina la Iringa likitajwa kwa udumavu. Mwaka 1983, wakati Njombe ingali wilaya ya Mkoa wa Iringa, ulianzishwa huko mpango wa lishe uliosimamiwa na serikali yetu pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha kutoka Italia. Ulianza katika vijiji 168. Nilipoajiriwa, ndio kwanza mpango huo ulikuwa umeshika kasi, na mimi nilikuwa msichana niliyebeba mizani ya kuning'iniza begani, kijiji hadi kijiji. Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na siku ya afya ya kijiji. Watoto wote walipimwa chini ya mti au mbele ya ofisi ya kijiji, na kabla ya jua kuzama serikali ya kijiji ilikuwa imeshaelezwa ni wangapi wako katika nyekundu, wanakaa vitongoji gani na nyumba zao zina shida gani. Wazee walijadili. Waliuliza kwa nini kitongoji fulani kina watoto wengi wenye shida, wakagundua kwamba kisima kimekauka na akina mama wanatembea nusu siku kufuata maji. Waliuliza kwa nini watoto wanarudi nyuma miezi ya kupalilia, wakakubaliana kuanzisha mahali pa kuwalea na kuwapikia watoto wakati mama zao wako shambani. Kupima, kutafuta sababu, kuchukua hatua, kisha kupima tena: hayo tu ndiyo yaliyokuwa maarifa yote, na utapiamlo mkali ulipungua kwa kiasi kilichovuta macho ya watu kutoka nchi nyingi. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990, na ambao bado unafundishwa vyuoni duniani kote, umetokana kwa sehemu kubwa na kazi iliyofanyika katika vijiji vyetu hivyo.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri wakati ule. Wahudumu wa vijiji walifanya kazi kwa malipo madogo sana au bila malipo, wakachoka, na fedha za wafadhili zilipokwisha vijiji vingi viliacha. Nasi pia tulipima uzito, si urefu. Lakini tulikuwa na jambo moja ambalo leo limepotea, nalo ni kwamba matokeo ya vipimo yalikuwa mali ya kijiji kabla hayajawa mali ya wilaya. Leo tunayo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo wengi tunaiita SALIKI, na inatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu kama zamani. Ni jambo jema, na kuna vijiji vinavyoifanya kwa moyo. Hata hivyo, katika nyingi nilizohudhuria, watoto walipimwa, mpishi akaonyesha namna ya kupika uji, picha zikapigwa, fomu zikajazwa, na fomu zikaondoka na gari. Mwenyekiti wa kijiji hakubaki na hata karatasi moja inayomwambia watoto wangapi wa kijiji chake wamedumaa. Baba wa watoto hao, ambao ndio wanaoamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki, wengi hawakuwepo kabisa.

Kukosekana kwa mazungumzo hayo ya pamoja kuna madhara ambayo hayaonekani kwenye fomu. Katika jamii zetu nyingi mtoto akikonda au akichelewa kutembea husemwa amebemendwa, yaani wazazi wake hawakujizuia wakati mtoto angali ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama wa mtoto kama huyo hawezi kuja kliniki mbele ya wenzake wamnong'one. Atamfunika mtoto kwa khanga mchana wa jua, atampeleka kwa mganga usiku, na sisi tutaandika kwamba ameacha mahudhurio. Nimewahi kumpokea mtoto wa miezi kumi na minne mwenye kwashakoo, miguu imevimba na nywele zimebadilika rangi, ambaye alifichwa ndani kwa wiki saba kwa sababu hiyo. Imani hii haiondolewi kwa bango la ukutani. Nilichoona kikisaidia ni mkutano wa kijiji ambapo watu wanaambiwa wazi kwamba nusu ya watoto wao wamedumaa, maana hapo kila mmoja anaelewa kwamba haiwezekani nusu ya kijiji iwe imebemenda watoto. Aibu ikishagawanywa kwa wote, mama mmoja mmoja anapata nafasi ya kupumua na kuomba msaada.

Upo pia wakati wa mama, ambao katika mipango yetu haupimwi hata kidogo. Yule mama wa mtoto wa sentimita 79 nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachota maji, anawasha moto, anapika uji wa mahindi, anamnywesha mtoto kikombe kimoja, na kinachobaki anakiacha kwenye chupa kwa binti yake wa miaka minane. Saa moja anakuwa kwenye shamba la viazi, lake au la kibarua. Anarudi jioni na kuni. Ugali unaiva saa mbili usiku, na mtoto ameshalala. Mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku pamoja na kitu kidogo katikati, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Huyu alikuwa anakula mara mbili, na mara zote mbili ni uji mwepesi. Mama huyo alivijua vyakula vyote nilivyomfundisha. Kuku walikuwepo na walitaga, lakini mayai ndiyo yaliyonunua chumvi, sabuni na madaftari. Ningemfundisha nini zaidi?

Kwa hiyo ninapopendekeza kwamba fedha za lishe zitumike pia kurudisha vituo vya kulelea watoto wadogo vijijini na katika maeneo ya mashamba makubwa ya chai na misitu, sipendekezi anasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na baada ya hapo anaruhusiwa saa zisizozidi mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Siku 84 hazifikii hata nusu ya miezi sita tunayomtaka anyonyeshe bila kumpa mtoto kitu kingine. Na hiyo ni haki ya mwenye mkataba. Kibarua anayelipwa kwa siku hana hata siku moja, na hao ndio wengi miongoni mwa akina mama wetu. Mahali pa kivuli penye maji safi, mlezi mmoja anayeaminika na sufuria ya uji mzito, karibu na shamba kiasi cha mama kuweza kufika na kunyonyesha, pangewasaidia wengi kuliko semina.

Nimetaja uji mara kadhaa, na ningependa niseme neno juu yake, kwa kuwa ndio chakula cha kwanza cha karibu kila mtoto wa nchi hii. Uji wa mahindi ukipikwa mwepesi unajaza tumbo maji. Ukipikwa mzito mtoto mdogo hawezi kuumeza. Zamani tulifundisha kutumia kimea: ulezi au mtama unalowekwa, unaoteshwa, unakaushwa na kusagwa, na kijiko kimoja cha unga wake kikitiwa katika uji mzito uliokwisha kuiva unalainika palepale bila kuongezwa maji, kisha unarudishwa jikoni uchemke tena. Kila mwanamke anayetengeneza pombe anajua kuotesha kimea, kwa hiyo maarifa yapo nyumbani. Siku hizi kimea kimesahaulika, na mahali pake pamechukuliwa na unga unaoitwa wa lishe, wenye nafaka saba, tisa, hadi kumi na mbili, pamoja na karanga na soya, vyote vimesagwa pamoja. Akina mama wanaununua kwa fedha nyingi wakiamini kwamba wingi wa vitu ndio ubora. Vitu hivyo haviivi kwa muda ule ule, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huleta sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Hatukupaswa kuusahau mwaka 2016, ambapo watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa katika chakula chao cha kila siku. Nafaka moja iliyokauka vizuri, maharage yaliyopondwa au dagaa waliosafishwa na kusagwa, mboga ya majani, kijiko cha mafuta na kipande cha parachichi, ambalo kwetu linaoza chini ya mti, vinamtosha mtoto, na vingi kati ya hivyo havihitaji kununuliwa dukani.

Kuhusu wajawazito nitasema kwa ufupi, si kwa kuwa jambo lao ni dogo. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi hutolewa kliniki bila malipo, ingawa kuna miezi vinakwisha na mama anaambiwa akanunue. Lakini hata vinapokuwepo, wengi huvipokea na kuvitupa njiani. Vinaleta kichefuchefu, vinafanya choo kuwa cheusi, na mama ambaye hakuambiwa mapema anaogopa kwamba vinamdhuru mtoto tumboni. Dakika tatu za kumweleza kwamba choo cheusi si hatari, kwamba avimeze usiku baada ya chakula na asivimeze kwa chai, kwa sababu chai inazuia madini hayo kuingia mwilini, zinaokoa vidonge vya mwezi mzima. Huku kwetu, ambako chai ndiyo kinywaji cha asubuhi, mchana na jioni, maelezo hayo yalipaswa kuwa ya kwanza. Aidha wengi huchelewa kuanza kliniki, mimba ikiwa na miezi minne au mitano, na wasichana wanaopata mimba wakiwa wenyewe bado wanakua huchelewa zaidi kwa kujificha. Mtoto wa msichana kama huyo anaanza safari yake akiwa nyuma.

Fedha zipo, ingawa ni kidogo. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati ule, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, na mwaka 2022, akiwa Rais, mkataba huo ulisainiwa upya. Kila halmashauri inatakiwa kutenga kutoka mapato yake ya ndani shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kijiji chenye watoto 300 kinastahili basi shilingi 300,000 kwa mwaka, yaani 75,000 kwa kila SALIKI. Sijawahi kukutana na mwenyekiti wa kijiji anayejua kwamba kiasi hicho kimetengwa kwa ajili ya watoto wake. Ningeomba halmashauri zibandike kwenye mbao za matangazo za vijiji kiasi kilichotolewa kwa kila robo mwaka na kilivyotumika, kama zinavyobandika taarifa za fedha nyingine. Halmashauri hupimwa kwa kadi alama yenye rangi, na utoaji wa fedha hizo ni mojawapo ya vigezo. Hilo ni sawa, lakini halmashauri yaweza kupata kijani kwa fedha iliyoishia kwenye mafuta ya gari na posho za vikao, kama mtoto wangu wa sentimita 79 alivyopata kijani kwa kilo 10.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao lengo lake ni kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Huu ndio mlango ambao naona unaweza kutufikisha ndani ya nyumba, kwa sababu mhudumu anayekaa kitongojini anajua nani ana mimba kabla zahanati haijajua. Nasisitiza mambo mawili tu. La kwanza, walipwe kila mwezi bila kukatizwa, tusirudie ya miaka ile ambapo tuliwatumia watu hadi wakachoka. La pili, wafundishwe kupima urefu na kusoma jedwali lake, wakiwa wawili wawili, na majibu yao yasomwe katika mkutano wa kijiji kabla hayajapelekwa kwa afisa lishe wa wilaya. Si lazima majina ya watoto yatajwe hadharani. Idadi kwa kila kitongoji inatosha kuanzisha mazungumzo, na nyumba zenye shida zitafuatwa kwa faragha.

Ubao wa kupimia urefu si chombo kigumu. Fundi seremala wa kijijini akipewa vipimo sahihi na mbao iliyokauka, pamoja na futi ya kupimia isiyorefuka ikivutwa, anaweza kuutengeneza kwa siku mbili, kisha wataalamu wa wilaya wakaukagua kabla haujaanza kutumika. Mimi nimeshazungumza na fundi wa kijiji changu, naye amekubali kutengeneza wa kwanza bila malipo ya kazi. Magoti yangu hayaniruhusu tena kutembea vitongoji vyote, lakini mikono bado inaweza kushika kichwa cha mtoto kikae sawa ubaoni, na niko tayari kukaa na wahudumu wapya kila siku ya SALIKI hadi waweze kufanya hivyo bila mimi. Ninachoomba kutoka kwa viongozi wa halmashauri yetu ni kibali cha kuutumia ubao huo, na dakika ishirini katika mkutano wa kijiji ujao za kuyasoma majibu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Njombe.